Elfu Sabini za Mke Mwenzangu

Elfu sabini inagawanyika kwa mbili mara nne. Unapata elfu thelathini na tano, kisha elfu kumi na saba na mia tano, kisha elfu nane mia saba na hamsini, kisha elfu nne mia tatu sabini na tano, na hapo inagoma. Ukiirudia kwa tano, nayo inakubali mara nne: elfu kumi na nne, elfu mbili na mia nane, mia tano na sitini, mia moja na kumi na mbili, basi. Saba inaingia mara moja tu. Kwa tatu haikubali kabisa. Uizungushe utakavyo, moja itabaki mkononi.

Hesabu hiyo niliifanya kichwani, nimekaa kwenye mkeka, siku tuliyomzika mke mwenzangu. Chumba kizima kilikuwa kinalia. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso ndani ya kanga, na mtu mmoja akanipapasa mgongo akisema, "Jikaze, Mungu yuko." Alidhani nimezidiwa na msiba. Nilikuwa nagawa.

Sina elimu kubwa. Nilimaliza darasa la saba na hapo ndipo shule yangu ilipokoma, lakini namba nilibaki nazo. Wengine wakikaa bure husuka ukili au huangalia simu. Mimi huchukua namba moja nikaivunjavunja nione imeundwa na nini. Sijawahi kuona kama ni ujuzi. Ni tabia tu, na siku ile niliiona kuwa tabia mbaya.

Elfu sabini ilitoka kwake mwenyewe. Huku kwetu Tanga ziko nyumba ambazo mtu akifa husomewa tahlili elfu sabini: watu hukaa pamoja wakasema La ilaha illallah mara elfu sabini, kisha thawabu zake humtunuku marehemu. Vijana wa siku hizi wanabishana kama jambo hili lina asili au halina. Mimi siingii humo. Mke mwenzangu aliliamini, akaliomba, na aliyeniomba ni mimi.

Ilikuwa uani kwetu, Chumbageni, miezi michache kabla hajafa. Alikuwa ameshapata kiharusi. Nilimlaza kwenye kitanda cha kamba upande wa kivuli, nami nilikuwa nakuna nazi.

"Nikifa mnisomee elfu sabini," alisema.

"Utakufa wewe? Wewe utatuzika sote."

"Nisikilize kwanza, halafu ndiyo ufanye mzaha. Shangazi ataongoza dua. Hesabu ushike wewe. Hao wengine wakiachiwa watasoma elfu arobaini, wasikie harufu ya pilau, waseme zimetimia."

"Na mimi nikikupunja?"

"Weye?" Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana wa pili ulikuwa umelala. "Weye ukizidisha kikombe kimoja cha mchele unakosa raha mpaka kesho yake. Huwezi."

Nikamwambia sawa. Niliendelea kukuna nazi yangu.

Niseme jinsi tulivyokuwa, ili mtu asidhani tulikuwa kitu tusichokuwa. Nilikuja kwake mke wa pili. Miaka ya mwanzo hatukupendana, na sioni sababu ya kupaka rangi. Tulisalimiana, tulipishana jikoni, kila mmoja na sufuria yake. Yeye alikuwa na watoto, mimi sikujaliwa. Mume wetu alipofariki watu walitegemea nirudi kwetu, na hata begi nilishalifunga. Yeye ndiye aliyekuja akalikalia.

"Unakwenda wapi? Nani atanihesabia chenji?"

Nikabaki. Tangu siku hiyo tukawa na sufuria moja. Jioni tulikaa barazani na bakuli la bajia, yeye akisema watu na mimi nikimwambia punguza sauti. Nilikuwa namwita dada. Ukinipa leo nichague kati ya miaka niliyokaa na mume na miaka niliyokaa na yeye, sitafikiri sana.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mpaka amekufa. Mume wetu alipokuwa anakata roho hospitali, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Dada alikuwa ametoka nje kutafuta maji. Mume akafumbua macho, akanitazama vizuri, akaita jina la dada. Akaliita tena. Halafu akanyamaza. Dada aliporudi aliuliza kama mgonjwa amesema chochote, nikajibu hapana.

Sasa tahlili. Shangazi yake alikuja kutoka Ushongo, upande wa Pangani, mama mtu mzima mwenye mgongo ulionyooka kama wa msichana, na binti wa pekee wa dada akaja kutoka Horohoro, mpakani, anakoishi na mumewe. Binti alishauri tugawane kwenye kundi la simu, kila ndugu aandike idadi yake huko huko aliko, Pemba, Mombasa, popote. Shangazi akakataa.

"Mambo ya kuandika elfu moja huku mtu anaangalia tamthilia siyataki. Tutakaa chini. Kila mtu aone mdomo wa mwenzake."

Akaniuliza mimi utaratibu. Nilikuwa nao tayari, na hapa ndipo nilipoona faida ya kuivunjavunja ile namba. Tulikuwa wanawake kumi na wanne. Elfu sabini kwa kumi na nne ni elfu tano kila mmoja, kamili, hakibaki kitu. Tasbihi moja tuihesabu mia, kama watu wote wanavyofanya. Kwa hiyo kila mmoja tasbihi hamsini, zote pamoja mia saba. Nikaosha mbegu za ukwaju mia saba, nikazianika, nikampa kila mtu hamsini. Ukimaliza tasbihi unadondosha mbegu moja kwenye sinia la katikati. Sinia likipokea mbegu zote, kazi imekwisha. Jioni tatu zingetosha, baina ya alasiri na magharibi.

Shangazi alilitazama sinia akanitazama mimi. "Alikuwa na haki kukuchagua," alisema. Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

Tukaanza. Sauti za wanawake zikisoma pamoja zina mvumo wake, mwili unatulia wenyewe. Nilikuwa katika tasbihi ya tatu au ya nne pale vidole vyangu vilipofika kwenye imamu, ile punje ndefu ya mwisho, nami nikanyoosha mkono kudondosha mbegu. Mkono ukasita.

Tasbihi si mia. Tasbihi ni tisini na tisa.

Kila mtu analijua hilo, na hakuna anayelikumbuka. Baada ya sala tunaleta uradi thelathini na tatu mara tatu, halafu tunamalizia na kauli moja inayotimiza mia. Ile moja haina punje. Tumekua nayo hivyo tangu tukiwa wadogo, na kwa sababu hiyo kwetu tasbihi ni mia. Lakini katika tahlili hakuna ile kauli ya mwisho. Unafika kwenye imamu, unadondosha mbegu, unaanza tena. Kila mbegu inapungukiwa na moja. Mbegu mia saba, tahlili mia saba zinapungua.

Nilitazama huku na huku. Midomo ilikuwa inakwenda, mbegu zinadondoka. Kulikuwa bado mapema mno. Ningenyanyua mkono tu, niseme, "Jamani, tukifika kwenye imamu tuongeze moja," na yote yangekuwa sawa. Maneno kumi hayafiki.

Sikusema. Na sababu niliyojipa wakati ule ilikuwa na ukweli ndani yake. Jirani yetu wa ukuta wa pili, mwanamke mchangamfu asiyejua kunong'ona, alikuwa ameshamwambia mwenzake nyuma yangu, "Leo mke mwenza kawa karani. Marehemu ajihadhari asikatwe." Wakacheka kwa pua, kicheko cha msibani. Nikajiambia: nikifungua mdomo kusema zinapungua, watasema nimeanza wivu hata kaburi halijakauka. Siku ya pili mwanamke mmoja hakuja, alikuwa na mjukuu mgonjwa. Mbegu zake thelathini na tatu zilizokuwa zimebaki nikazigawa kwa kumi na watatu tuliokuwepo, mbili mbili, na zile saba zilizogoma kugawanyika nikazichukua mwenyewe. Jirani akasema kwa sauti, "Eeh, kajiongezea! Naye anataka pepo ya mwenzake." Watu wakacheka, na hata mimi nikacheka. Basi nikaona nimepata udhuru mzuri.

Lakini udhuru haukuwa jambo lote. Pale mkono wangu uliposita juu ya sinia, kabla sijafikiria watu watasema nini, kuna kitu kidogo kilipita kifuani mwangu, na kilikuwa kitamu. Nilifikiri: hata wewe leo utapungukiwa. Hivyo tu. Kikapita. Na mtu niliyekuwa nikimwambia hivyo alikuwa amelazwa kaburini siku mbili tu nyuma, nami nilimpenda.

Baada ya hapo, badala ya kutubu, nikakimbilia kwenye namba. Hilo nalo ni lazima nilitaje. Nilianza kuigawa elfu sabini kwa tisini na tisa nione inafanyaje. Inakwenda mara mia saba na saba, zinabaki saba. Kwa thelathini na tatu, zinabaki saba. Kwa kumi na moja, saba. Kwa tisa, saba. Nilishangaa, nikatafuta sababu huku mdomo unasoma. Sababu yake ni kwamba kila elfu kumi, ukiigawa kwa tisini na tisa, inaacha moja. Elfu kumi ziko saba, basi saba zinabaki, huna la kufanya. Jioni ya pili niliziorodhesha kichwani namba zote zinazoigawa elfu sabini bila kubakisha kitu, nikapata hamsini kamili, idadi ile ile ya mbegu niliyompa kila mtu, jambo lililotokea lenyewe tu. Nikaona uzuri wake. Nilikuwa kwenye tahlili ya dada yangu, ninajua inapunguka, nami ninaona uzuri.

Jioni ya tatu sinia likajaa. Shangazi akainua mikono, akaomba dua ndefu, na katikati ya dua akasema, "Ya Rabi, hizi elfu sabini zilizotimia, mfikishie mja wako." Tukaitika amina. Niliitika. Pilau likatoka. Binti akaja akanikumbatia mbele ya watu, akalaza shavu lake begani kwangu.

"Mama mdogo, umemtimizia mama."

Pilau lile nilikula vijiko viwili.

Kesho yake, baada ya alfajiri, nilijifungia chumbani nikachukua tasbihi ili nizitimize zile mia saba peke yangu. Mia saba nayo ni vile vile: tasbihi saba, halafu zinabaki saba, nikazimalizia kwenye vidole. Nilitegemea kifua kitakuwa chepesi. Hakikuwa. Kwanza nilikuwa nimemwacha mama mtu mzima atamke mbele ya Mungu jambo ambalo mimi nilijua si kweli, nami nikasema amina. Pili, sikujua wenzangu walisomaje. Labda wako walioongeza moja kwenye imamu. Kama wako, basi sijui zilipungua ngapi, na haya niliyoyafanya chumbani ni kujiridhisha tu. Ili nijue ilinibidi niulize. Na nikiuliza, nimeshasema.

Shangazi alikuwa anafunga mizigo yake arudi Ushongo. Nilimkuta uani, binti anamkunjia kanga, na jirani naye alikuwepo, amekuja kurudisha masufuria.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekuparama hivyo?"

"Shangazi, ulipokuwa unafika kwenye imamu, ulikuwa unaongeza moja?"

"Ndiyo. Nimefundishwa hivyo na mama yangu. Kwani nyie hamuongezi?"

"Kuongeza nini?" jirani akadakia. "Mie nikifika kwenye ile ndefu nageuza."

"Unageuza! Basi umesoma tisini na tisa."

"Na vile vipunje viwili vya katikati? Mie vile navihesabu."

"Vile ni alama, wewe mwanamke, havihesabiwi."

"Mie navihesabu. Vimewekwa vya nini?"

"Basi wewe umesoma mia na moja!"

"Si afadhali? Nimemzidishia marehemu, naye mdomo alikuwa nao, atanishukuru huko huko." Jirani alicheka, shangazi naye akashindwa kujizuia, akajifuta macho na ncha ya mtandio. Kwa kitambo kidogo niliona mlango uko wazi. Ningecheka nao, tungesema Mungu ndiye ajuaye hesabu, na shangazi angepanda basi la Pangani na moyo mkunjufu.

Binti hakuwa anacheka. Alikuwa ameshikilia kanga iliyokunjwa nusu.

"Mama mdogo, ulijua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza saa ngapi?"

"Mwanzoni kabisa. Tasbihi ya tatu, ya nne."

"Na ukanyamaza mpaka pilau likaliwa?" Jirani alisema hivyo, lakini safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. "Ulituogopa sisi? Mie maneno yangu ni upepo, unanijua."

Nilimjibu kwamba ndiyo, niliwaogopa. Nilimtazama binti, nikaona kwamba jibu lile limemtosha. Alikuwa tayari kunihurumia. Ningeliacha hapo. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu mwema ndani ya macho yake.

"Si hofu tu," nikasema. "Nilipoona zinapungua, nilifurahi kidogo."

Kuku alipita katikati yetu akachokora ganda la nazi.

"Ulifurahi," binti alisema.

"Kidogo. Ikapita. Lakini nilifurahi." Na kwa kuwa nilishafika pale, nikamweleza habari ya baba yake hospitali, alivyoita jina la mama yake mara mbili na mkono wake uko ndani ya wangu, na nilivyosema hakusema kitu. "Mama yako alikufa hajui kama aliitwa."

Shangazi alikaa kwenye kigoda. Alisema polepole, "Hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, mwanangu."

"Najua, shangazi."

Binti aliiweka kanga juu ya mzigo. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Alimsindikiza shangazi stendi, na kutoka huko akapanda gari la Horohoro bila kurudi nyumbani. Mkoba wake mdogo alikuja kuuchukua dereva wa mumewe.

Nilibaki peke yangu ndani ya nyumba yenye vyumba vinne. Baada ya wiki kadhaa nikaamua kuzianza upya, zote, elfu sabini, mwenyewe. Sikumwambia mtu. Sikuwa natafuta kusamehewa na binti, au labda nilikuwa natafuta, sina hakika. Nilijua ni tasbihi mia saba na saba na juu yake saba. Sikutumia mbegu. Nilikaa kila alasiri pale uani, nikifika kwenye imamu nageuza, na idadi ya tasbihi naishika kichwani, kama ninavyoshika kila kitu. Sikuandika popote.

Zilikwenda vizuri kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepita mia tatu. Alasiri moja nikawa nasoma, na bila kukusudia nikamkumbuka dada anavyokula embe. Alikuwa halimenyi. Analiminya kwa vidole mpaka linalainika lote ndani ya ganda lake, analitoboa kwa jino, halafu analifyonza amefumba macho, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka amalize. Mara ya mwisho, baada ya kiharusi, mkono mmoja haukuwa na nguvu ya kuminya. Alininyooshea embe bila neno. Nikaliminya mimi, nikalitoboa mimi, nikamshikia. Alifumba macho vile vile.

Niliposhtuka vidole vilikuwa vimesimama. Sikujua niko kwenye thelathini na tatu ya ngapi. Nikajaribu kukumbuka tasbihi ya ngapi, nikakuta hakuna kitu. Mia tatu na ngapi? Au ilikuwa bado haijafika? Katika maisha yangu sijawahi kupotewa na hesabu namna ile, hata nikiwa na homa.

Nilikuwa bado nimekaa hivyo simu ilipoita. Alikuwa binti. Hatukuwa tumesemeshana tangu siku ile. Alianza na habari ya kabati la mama yake, kama nguo zimeshagawiwa. Nikamwambia bado. Akasikia sauti yangu.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa nasoma."

"Unasoma nini?"

"Zile elfu sabini."

Nyuma yake nilisikia malori ya mpakani yakipiga honi.

"Unasoma na nani?"

"Peke yangu."

"Umefika ngapi?"

"Sijui."

"Wewe?" alisema. "Wewe hujui?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa namkumbuka mama yako anavyokula embe, nikapotewa."

Akavuta pumzi kwa pua, kama mtu anayejizuia.

"Mimi bado nina hasira na wewe, mama mdogo. Nisikudanganye."

"Usinidanganye."

"Sijui zitaisha lini."

"Zisiishe kwa ajili yangu."

"Anza tena basi," alisema. "Anza moja. Sauti niisikie."

Niliiweka simu juu ya kigoda, nikaifungua sauti, nikashika punje ya kwanza. Nikasoma. Yeye hakusoma, au alisoma moyoni, sikuweza kujua. Nilisikia honi, nilisikia mtoto wake akimwuliza kitu na yeye akimnyamazisha. Hakukata.

Nilipofika kwenye imamu aliniuliza, "Umeongeza moja?"

Nikaongeza.